Heko, Bei ya Maandishi

Mnazi umesifiwa vya kutosha, na ngamia kadhalika. Aliyesahaulika ni mmoja: safu ya bei katika kanzidata ya duka, ile ambayo fundi wake, kwa haraka zake, aliitangaza kuwa ya maandishi badala ya namba. Leo zamu yake.

Ukarimu wake hauna mfano. Safu ya namba ni bawabu mkali; ukija na "1,500/=", kama wenye maduka wanavyoandika, unarudishwa mlangoni. Ya maandishi hupokea yote: "1500", "Sh 1500", "15OO" yenye herufi O mahali pa sifuri, hata "maelewano". Nani mwingine anamstahi muuzaji ambaye bei yake hutegemea uso wa mteja?

Tena ni mtetezi wa wanyonge. Iulize kitu ghali kuliko vyote dukani, nayo itakutajia sabuni ya 950 mbele ya baiskeli ya 250000, maana hulinganisha herufi kwa herufi, na 9 ni kubwa kuliko 2. Kwisha.

Lakini utukufu wake hasa huonekana siku ya kujumlisha. MySQL, mojawapo ya programu za kanzidata, hugeuza maandishi kuwa namba bila hata kuombwa: husoma tarakimu kutoka kushoto, ikikuta kisichosomeka husimama hapo hapo. Basi "1,500/=" huwa 1, "15OO" huwa 15, na "maelewano" huwa 0. Jumla inatoka safi kabisa. Onyo huwa lipo, ila nani husoma maonyo? Mwenye duka anayetaka mauzo yaonekane madogo hana haja ya mhasibu mjanja.

PostgreSQL haina adabu hii. Ukiiambia ijumlishe maandishi hukataa katakata, na ukilazimisha kwa CAST, "maelewano" moja tu huangusha hesabu nzima. SQL Server ilijifunza upole mwaka 2012: TRY_CAST ikishindwa hurudisha NULL, na SUM huiruka. Bidhaa imeuzwa, fedha haimo.

Na ajira je? Kuna vijana wanaokula kwa kuandika REPLACE ndani ya REPLACE: ondoa mkato, ondoa "/=", ondoa "Sh", halafu TRIM. Mashine nayo hupata kazi: ukitafuta bei = 1500, MySQL huiacha faharasa na kupitia jedwali zima mstari kwa mstari, kwa kuwa "1500", " 1500" na "1500/=" zote kwake ni 1500. Hakuna mstari unaobaguliwa.

Namba ya simu, hapo sitanii, mahali pake ni kwenye maandishi. Ifanye namba uone sifuri ya mbele inavyopotea. Hakuna anayejumlisha simu.

Wajuaji watasema: fungua safu mpya ya DECIMAL, hamishia humo bei zilizosafishwa, futa ya zamani. Sawa. Hiyo "maelewano" mtaiandikia shilingi ngapi?