Malaika Wanakunywa, Sisi Tunalipa

Katika biashara zote ninazozijua, ya wiski iliyozeeka ndiyo pekee ambayo mali ikipungua bei inapanda, na mnunuzi anasema ahsante. Hapa Soni, mama muuza plamsi akikuuzia ndoo iliyopungua karibu nusu, kijiji kizima kitasikia sauti yako. Shemeji yangu amenunua kitu cha namna hiyo huko Ulaya, akakileta Lushoto kimeviringishwa ndani ya soksi za sufu, na tangu atue anataka tukisifie.

Chupa imeandikwa miaka 25. Hesabu yake ni hivi: pombe ikilala kwenye pipa la mbao hupenya ikatoroka hewani, kule Uskoti kiasi cha asilimia 2 kila mwaka. Wenyewe wanauita mgao wa malaika. Ikifika miaka 25, malaika wameshakunywa karibu asilimia 40 bila kuchangia hata nauli, na kilichobaki shemeji anauziwa kwa bei ya mtamba wa maziwa mwenye mimba. Nilimuuliza hao ni malaika wa dhehebu gani, maana huku kwetu, msikitini wala kanisani, sijasikia habari zao. Hakucheka. Watu wa wiski hawacheki mpaka glasi ya tatu, na ya tatu hakuitoa.

Kero yangu iko hapo. Ni Julai, saa mbili usiku, baridi ya Usambara imeshaingia hadi kwenye mifupa, mtu unatamani kitu cha kupasha kifua. Shemeji anamimina tone linalotosha juu ya kucha, kisha anakataza lisinywewe. Kwanza tazama rangi. Halafu nusa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Halafu sema umenusa nini. Mimi nilinusa wiski. Nikaambiwa pua yangu bado changa. Yeye alinusa tini, ganda la chungwa na ngozi ya tandiko la farasi. Shemeji amekulia Mlalo. Farasi anamjua kwenye kalenda.

Aliyetuumbua ni ami yake, mzee asiyegusa kilevi tangu azaliwe, aliyekuja zake kunywa chai. Harufu ilimfuata hukohuko kwenye kiti chake. "Mbona kuna tende humu," akasema, "na kabati la marehemu bibi yenu?" Shemeji akaruka kwa furaha: ndiyo hasa! Kumbe sehemu kubwa ya shughuli hii ya kifahari haihitaji kunywa kabisa.

Hizo tende hazitoki kwenye shayiri. Zinatoka kwenye pipa lililowahi kuwekwa sheri, mvinyo wa Jerez, kusini mwa Hispania. Zamani sheri ilisafirishwa Uingereza ndani ya mapipa, na Waskoti, watu wanaosifika kwa kubana senti, wakawa wanayachukua matupu. Miaka ya 1980 mambo yakabadilika, sheri ikawa inafungwa kwenye chupa hukohuko Hispania, na mapipa ya dezo yakaisha. Sasa wenye viwanda huagiza mapipa ya mwaloni, yakajazwa sheri mwaka mmoja au miwili ili mbao zilewe, na sheri yenyewe aghalabu huishia kuwa siki. Mvinyo mzima unafanywa maji ya kulowekea mbao! Watawa wa Benediktini pale Sakharani wanatengeneza mvinyo wao, na ukiununua unaunywa, basi.

Nilimwambia shemeji tufungue kiwanda chetu. Ukungu tunao, maji ya mlimani tunayo, na Wajerumani walipopanda huku walijihisi kwao hadi mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal. Tatizo ni mbao. Sheria ya Uskoti inadai mwaloni, na si chini ya miaka 3. Sisi msituni tuna mkulo, mti ambao hata wanasayansi wameupa jina la milima yetu, Ocotea usambarensis, na unanukia kafuri. Wiski ya miaka 25 kwenye mkulo utampaka mtoto kifuani akiwa na mafua.

Na subira tungeitoa wapi? Boha, pombe yetu ya miwa, inakamuliwa, inatiwa mvungunya ichachuke, na baada ya siku chache hakuna kilichobaki cha kuzeesha. Kilabuni huulizwi umenusa nini. Unaulizwa hii zamu ni ya nani.

Hatimaye tuliruhusiwa kunywa. Nisiwe mchoyo: ni tamu, inashuka taratibu, na joto linakaa kifuani muda mrefu. Lakini utamu ukipita unabaki ukakasi wa mbao unaokausha ulimi, na shayiri yenyewe huisikii tena. Robo karne ndani ya pipa la sheri, pipa limeshinda. Shemeji alikuwa na nyingine ya miaka 12, ya kiwanda hichohicho, ambayo aliiweka pembeni kwa aibu kidogo. Hiyo ilikuwa na tunda na nafaka, kila kimoja mahali pake. Ndiyo nilirudia kuiomba.

Ami akashauri ile ya 25 ifungwe, iwekwe hadi mjukuu aoe, iwe imefika 50. Shemeji akaeleza kwamba wiski ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena, na iliyofunguliwa hupoteza ladha pole pole. Nikafurahi, nikasogeza glasi. Akaziba kizibo, akairudisha ndani ya soksi.

Kwa hiyo hukumu ni hii: miaka 12 inatosha. Shemeji, Desemba ukija, lete chupa mbili za namna hiyo, na umimine kama mtu mwenye ndugu.