Kwa Heshima ya Tope

Viongozi wa Arua wamesifiwa vya kutosha. Walisifiwa mwaka 2020 manispaa ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, na husifiwa kila barabara inapotiwa lami. Ni haki sasa tumgeukie mfanyakazi ambaye hajakosa kazini hata siku moja ya mvua, hadai posho ya safari, na kila anapopita huacha kazi inayopimika kwa mita za ujazo. Namsifu Tope.

Nasaba yake ni ya juu, tena juu kwelikweli. Huzaliwa kwenye mgongo wa nchi unaotenganisha maji ya Nile na maji ya Kongo, palepale wakoloni walipopitisha mpaka. Mvua ikinyesha magharibi ya mgongo huo, maji hushika njia ya Atlantiki. Ikinyesha kwetu, huelekea Mediterania, na Tope hudandia. Koboko hushuka na Kochi na Kaya. Arua huteremka kutoka Arua Hill kwa mitaro ya barabarani, hana haraka, akiokota mifuko ya plastiki njiani.

Enyau ndiko anakolelewa kama mtoto wa kifalme. Mto huo ndio unaolisha mabomba ya mji, kwa hiyo tumeuzungushia kila kinachompendeza: wafyatuaji wa matofali kingoni, wachimba mchanga, bustani za mboga zilizolimwa hadi miguu ya mkulima inaloa. Matete yaliyokuwa yakimzuia tumeyafyeka. Msimu wa mvua maji hufika kwenye mtambo wa kusafishia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na wahudumu huongeza shabu ili Tope atulie chini. Ada hiyo ya heshima haimpiti mwenye bomba.

Wapo wanaomwita mvivu kwa sababu hupenda kulala. Hawamjui. Tope husafiri kwa nguvu ya maji. Mto ukienda kasi hubeba hata kokoto, na kasi ikipungua kidogo tu, uwezo wa kubeba huporomoka. Basi kila tunapousimamisha mto kwa ukuta, tunamtandikia kitanda. Mchanga mzito hutua kwanza, pale mto unapoingia bwawani. Udongo laini husogea hadi ukutani, karibu na mitambo. Bwawa la Nyagak karibu na Paidha, la megawati 3.5, lilianza kazi mwaka 2012, na mto wake hushuka kutoka milima ya Zombo inayolimwa kwenye miteremko. Hata kabla ya ukuta wowote kujengwa, wahandisi hupiga hesabu ya nafasi ya chini watakayomwachia Tope. Nitajieni mwananchi mwingine wa West Nile anayetengewa makazi kabla hajafika.

Kumhamisha si kazi ya upole. Hufunguliwa milango ya chini mto ukiwa umefura, bwawa linashushwa, maji yanamkumba. Huko Sudan, bwawa la Khashm el-Girba katika mto Atbara, lililokamilika mwaka 1964, lilimezwa na tope takribani nusu ya ujazo wake hata pamoja na kusafishwa hivyo wakati wa mafuriko. Na bwawa likishushwa, umeme nao hushuka, kwa hiyo msimamizi hujikuta akisema tungoje kidogo. Tope hana neno. Kungoja ndiyo fani yake.

Lakini sifa yake kuu ni unyenyekevu. Mtaro uliochimbwa mita moja, yeye akijilaza humo nusu mita, umepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, maana maji yaliyobaki nayo huenda polepole. Mvua ileile iliyopita mwaka jana bila kisa, mwaka huu inaingia dukani na kunyanyua magunia ya unga. Tope hajaongeza tone la maji. Amechukua nafasi tu. Kisha inatangazwa kwamba mvua ilizidi kiasi, lawama zinapelekwa mbinguni, naye ananyamaza. Mtumishi gani mwingine hutenda makubwa hivyo akakataa kutajwa?

Nisimsifu kwa kazi ya wengine, lakini. Mafuriko ya mwaka 2020 kandokando ya Nile, Pakwach hadi Obongi, yalikuwa maji hasa: Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, milango ikafunguliwa. Mto huo hupita Ziwa Albert, ambako mzigo wake wa udongo hubaki. Aprili ya mwaka huohuo kisiwa kinachoelea kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, nchi ikaingia gizani. Arua, ambayo haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa, iliendelea na giza lake la kawaida.

Kuna na wanaomzibua. Vijana wenye makoleo humtoa mtaroni kwa jasho, wakamweka lundo zuri ukingoni, hatua moja kutoka alipotoka, na mkandarasi akapiga picha. Hakuna anayeleta gari la kumbeba, wala hakuna anayepanda majani kule juu alikoanzia. Mvua kubwa za huku huja Agosti hadi Oktoba. Zabuni ikitiwa saini Novemba, atakuwa ameshaketi.