Jinsi ya Kuithibitishia Serikali Kwamba Bado Uko Hai: Mwongozo kwa Askari Mstaafu wa Kibondo na Kasulu

Hatua ya kwanza ni kuwa hai. Mzee wangu, usiidharau hatua hii, maana zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Pensheni ya askari wa JWTZ aliyestaafu hulipwa na Hazina, na Hazina inapotangaza uhakiki humtaka mstaafu afike mwenyewe, na vyeti vyake mkononi, aonekane. Sababu ni ya msingi: fedha za umma hazifai kuendelea kumlipa mtu aliyekwisha kuzikwa. Tatizo ni nani amebebeshwa kazi ya kuthibitisha. Kijana aliyevuka Mto Kagera kwenda vitani Uganda mwanzoni mwa mwaka 1979 akiwa na miaka ishirini na kitu, leo anakaribia sabini au amekwisha kuipita, na magoti yake yanalijua hilo kuliko faili lake.

Hatua ya pili ni nauli. Ofisi ya Hazina Ndogo iko Kigoma mjini. Kutoka Kasulu ni kama kilomita 90, na kutoka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ambayo lami yake inatokana na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imetupunguzia vumbi, na tunashukuru. Lakini basi halipandwi kwa shukrani. Kima cha chini cha pensheni kilipopandishwa Julai 2015, kilitoka shilingi 50,000 na ushee kikafika 100,000 na ushee kwa mwezi. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, kitanda cha usiku mmoja na sahani mbili za wali, mara mbili kwa sababu mzee huyu hawezi kusafiri bila mjukuu wa kumshika mkono. Kisha uambiwe mtandao unasumbua, njoo kesho. Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari, nenda kwanza kwa mtendaji wako wa kata au halmashauri ukaulize kama timu ya uhakiki itafika wilayani, na tarehe gani. Uliza pia kama wagonjwa wasioweza kutoka kitandani watafuatwa majumbani. Uliza mbele ya watu wengine, maana swali lililoulizwa hadharani huwa gumu kusahaulika.

Hatua ya tatu ni jina, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wazee wa Buha, nchi yetu Waha, wanapokwama zaidi ya popote.

Fomu inataka majina matatu: lako, la baba, la ukoo. Aliyeichora aliwazia familia ambamo jina la babu humshukia baba na la baba humshukia mtoto. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, anayewafuata ni Chiza, na hao watatu wametoka tumbo moja, wamelala kitanda kimoja, bila kuwa na jina hata moja la pamoja. Padri aliwaongezea majina ya ubatizo. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Karani wa jeshi, pengine mtu wa Ruvu au wa Songea, aliandika alivyosikia naye. Ndipo mazungumzo ya dirishani yanapokuwa hivi:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, huku umeandikwa Butoyi, huku Bhutoyi, na kwenye kadi ya benki ni Butoi. Wewe ni yupi?”

“Wote ni mimi.”

“Mfumo unataka mmoja.”

Mpe mmoja, basi. Chagua jina lililoandikwa kwenye faili la jeshi, kwa sababu pensheni yako inaanzia hapo, pamoja na namba yako ya MT. Hayo mengine yafungwe kwa hati ya kiapo inayosema kwamba wote hao ni mtu mmoja, igongwe muhuri na wakili au hakimu, kisha utoe nakala nyingi kuliko ulizoambiwa. Na tarehe ya kuzaliwa ifanye vivyo hivyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu anayejua tu kwamba alizaliwa majira ya kupanda maharage lazima apate siku, na akishaipata itamfuata hadi kaburini. Isigombane na ile ya jeshini. Daftari la ubatizo, liwe la Wakatoliki wa Kabanga au la Waanglikana wa Kasulu, ni shahidi mzuri. Paroko hukubali kuangalia ukienda siku isiyo na misa kubwa.

Mahali ulipozaliwa panahitaji uvumilivu wa aina nyingine. Andika kama palivyo leo, na kama palivyokuwa zamani, hata kama kisanduku ni kidogo. Aliyezaliwa Kasulu huenda sasa ni mzaliwa wa Buhigwe, na aliyezaliwa Kibondo huenda ni wa Kakonko, kwa sababu wilaya ziligawanywa mwaka 2012. Kijiji chenyewe huenda kilihamishwa wakati wa Operesheni Kigoma, mwaka 1972 na kuendelea, watu wakaacha miembe na makaburi ya wazee wao wakaenda kupangwa kwenye mistari. Na wapo waliozaliwa katika makambi ya mashamba ya mkonge ya Tanga, baba zao wakiwa manamba, maana wakoloni waliifanya Kigoma kuwa ghala la vibarua, na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua ya chama cha wenye mashamba, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa ikiwasomba kutoka huku. Mtoto wa manamba aliyerudi Kasulu akiwa na miaka sita anaulizwa leo kwa nini anasema ni Muha na cheti kinasema Korogwe. Ajibu kwamba historia ya mkoa wake ndiyo iliyomzalisha huko.

Hatua ya nne ni kuthibitisha kwamba wewe ni Mtanzania. Hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Naelewa tunaishi wapi. Kutoka soko la Mabamba hadi Burundi unafika kwa mguu. Tumepokea wakimbizi wa mwaka 1972, wa 1993 na wa 2015. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na ya Nduta iliwekwa Kibondo. Mtabila, iliyokuwa kambi ya Warundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, leo ni kikosi cha JKT. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani, na Bukuru wa Kasulu ana wajina wengi Ruyigi, Burundi. Ofisa wa Uhamiaji anayeuliza babu yako alizikwa wapi, na mwenyekiti wa kitongoji wakati ule alikuwa nani, anafanya kazi aliyotumwa. Wabunge wa mkoa wetu wamekwisha kulisema jambo hili bungeni zaidi ya mara moja, kwamba wananchi wa mpakani wanahojiwa kuliko wengine na vitambulisho vyao vinachelewa.

Lakini askari wa zamani ni suala jingine kabisa. Serikali ilimpima, ilimwandikisha, ilimpa namba, ilimpa bunduki, ikampeleka hadi Kampala, iliyoangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979. Uraia wake ulikubaliwa siku aliyokula kiapo. Leo ofisi moja ya serikali hiyohiyo inamwomba athibitishe jambo ambalo ofisi nyingine inalo kwenye faili, na anayetumwa kulibeba kutoka ofisi hadi ofisi ni yeye, kwa bodaboda na kwa mguu.

Nimemwona mmoja, dirishani katika ofisi ambayo sitaitaja, akifungua mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, ila kwa wazee wetu bado ndiyo kabati la nyaraka. Alitoa kitambulisho cha jeshi kilichofunikwa plastiki, unyevu umeingia pembeni ukala nusu ya uso kwenye picha. Akatoa medali, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Hakuombwa medali. Aliiweka mezani tu, juu ya fomu, akasubiri. Kijana wa dirishani aliisogeza taratibu kwa kidole ili aone kisanduku kilichokuwa chini yake, akasema, “Mzee, bado cheti cha kuzaliwa cha mama yako.” Mama wa mtu wa miaka sabini, aliyejifungulia nyumbani kabla ya Uhuru.

Ukifikishwa hapo, usigombane, na usikubali pia kuondoka na maneno matupu. Omba kwa adabu uandikiwe ni nyaraka zipi zinatakiwa, kwa kanuni ipi, na zipi zinaweza kuwa mbadala. Nenda na wazee wawili wa kijiji waliokujua ukiwa mtoto. Kama kuna tawi la MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, nendeni pamoja kwa barua moja yenye majina ya wote wenye shida hiyo. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho. Watu kumi na barua huombwa wakae.

Kuhusu nakala na mihuri sina mengi. Nunua bahasha ngumu, toa nakala za kila kitu kabla hujaacha cha asili mahali popote, na andika kwenye daftari jina la aliyekipokea na siku.

Hatua ya tano humhusu mama mjane, kwa sababu siku moja ile hatua ya kwanza itakushinda. Mwachie kazi nyepesi. Atahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, na maombi ya mirathi katika Mahakama ya Mwanzo: Fomu Namba 1 ya kuomba, Namba 4 ya uteuzi wa msimamizi, Namba 5 ya orodha ya mali na Namba 6 ya hesabu. Humo ndimo Bukuru, Butoyi na Chiza watakapoulizwa kwa nini hawana ubin mmoja. Waandikie sasa, ukiwa unaona na kusikia, karatasi inayosema hawa ni wanangu, mbele ya mtendaji wa kijiji, ikiwa na muhuri. Andika na ndoa yako pia, kama ilifungwa kimila na haina cheti.

Hatua ya sita ndiyo inayosahauliwa: kuiambia fomu yenyewe unavyoiona.

Huko Marekani, tangu mwaka 1980, ipo sheria ya kupunguza makaratasi. Idara ya maveterani haiwezi kutoa fomu mpya ya mafao, wala kuendelea kuitumia ya zamani muda wake ukiisha, bila kuitangaza kwanza katika gazeti la serikali na kuwapa wananchi siku 60 za kutoa maoni, kisha siku nyingine 30. Lazima ikadirie fomu hiyo itamchukua mtu dakika ngapi kuijaza. Fomu isiyo na namba halali ya kibali, mwananchi hawezi kuadhibiwa kwa kutoijibu. Maveterani wa huko nao wana malalamiko yao mengi, lakini mtunga fomu anajua kwamba kuna watu watamuuliza kwa nini kisanduku fulani kipo.

Kwetu tumezoea kutoa maoni juu ya kiasi cha fedha, na tumeona yanasikika. Kanuni za mwaka 2018 ziliposhusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, wafanyakazi walipaza sauti, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kirudi. Mwaka 2022 kikawa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 kikapanda tena, hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Karatasi za kuzifuatia fedha hizo hazijapata wa kuzipazia sauti hivyo. Mzee wa Kifura aliyesafiri mara tatu kwa ajili ya herufi moja katika jina lake ana maoni yenye thamani kubwa, na hakuna aliyemwomba.

Basi yatoe bila kuombwa. Andika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kuhusu fomu moja. Taja kisanduku kwa namba yake. Eleza kilikugharimu safari ngapi na shilingi ngapi. Pendekeza kiondolewe, kipanuliwe au kijazwe na ofisi ambayo tayari ina taarifa hiyo. Mimi ningependekeza matatu. Namba ya jeshi itoshe kuwa uthibitisho wa uraia, na NIDA iulize Makao Makuu ya Jeshi yenyewe badala ya kumtuma mzee. Sehemu ya jina la ukoo iruhusiwe kubaki wazi kwa watu ambao mila yao haina jina hilo. Na uhakiki wa walio hai ufanyike katika kata, siku zinazojulikana mapema, bila mtu kupanda basi.

Yapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na usimame uombe yaandikwe kwenye muhtasari, ili yapande hadi kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri. Mjukuu wako ayatume pia kupitia mfumo wa e-Mrejesho. Nakala nyingine iende kwa mbunge. Kisha, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, andika barua ya pili, fupi zaidi, ukiuliza ni kanuni ipi inayomtaka askari mstaafu alete cheti cha kuzaliwa cha mama yake. Wenye ofisi wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, palepale masijala, kabla hujaondoka, kwa sababu siku hizo zinahesabiwa kuanzia hapo.