Somo la Rivasi Majini, kwa Wananchi wa Basotu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, akina mama wa perege, na nyie vijana mliokalia mitumbwi kana kwamba hapa hakuna mkutano: tulieni. Mtaalamu nimesimama.

Mimi, bingwa pekee wa rafadha kati ya Mbulu na Katesh (cheo nilichojipa baada ya kukosa mpinzani), nasikitishwa na ukimya wa wilaya za Mbulu na Hanang kuhusu boti kupiga rivasi. Ziwa Tlawi kimya. Balangida kimya, ingawa ziwa lenyewe likikauka hubaki chumvi na tope, kwa hiyo tulisamehe.

Sikilizeni. Boti ikienda mbele, rafadha husukuma maji nyuma, yakaupiga usukani, nao ukayakunja, tezi (nyuma ya boti) ikatii. Ukipiga rivasi, maji yaleyale hutupwa mbele, chini ya tumbo la boti, na usukani hubaki ukichezea maji yasiyo na nguvu. Zungusha mpaka viganja vitoke malengelenge, boti haina habari nawe. Ni sawa na kurudisha trekta lenye tela kwenye mashamba ya ngano hapa Hanang: wewe una nia yako, tela lina ya kwake.

Na uhuni wenyewe bado. Rafadha nyingi za boti zenye injini moja, ukizitazama kwa nyuma, huzungukia kulia boti ikienda mbele. Kwenye rivasi hugeukia kushoto. Maji yanayopandishwa hugonga ubavu wa kulia wa tezi, na tezi inakwenda kushoto. Wapo wanaosema sababu ni uzito wa maji ya chini. Kwa kina kidogo namna ile, uzito gani? Wapuuzeni, hasa wakivaa kofia ya nahodha.

Dawa ni kutoshindana nayo. Gati liwe kushoto kwako, tezi ijisogeze yenyewe. Ikipotoka, kata usukani, piga gesi fupi ya mbele, kisha rivasi tena. Ipo na dawa nyingine. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ina rafadha mbili: moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma, meli inageuka. Wajerumani hawakuniuliza, lakini tunakubaliana.

Maswali? Mzee pale nyuma anasema mitumbwi yote hapa ni ya kasia, anauliza hiyo boti iko wapi. Mzee wangu, hilo wapelekee halmashauri. Mimi nashughulika na taaluma, na posho.