Kunde za Mbegu, Si za Futari

Ukiwauliza watu wa Ikwiriri adui wa kunde ni nani, watakutajia ngedere, nguruwe pori, fukusi na maji ya mto. Sibishi, ila hao ni maadui wa shambani. Mwenye familia anajua kwamba adui mkubwa wa mbegu ni sufuria. Nguruwe tunamkesha juu ya dungu, tunampigia madebe mpaka alfajiri. Sufuria utaikesha vipi? Iko jikoni, na jikoni kwangu hata paka ana sauti kunizidi.

Tuanze shambani. Kunde kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukipanda nyekundu unavuna nyekundu. Si kama mahindi chotara ya dukani, ukirudia mbegu yake unavuna mabua na majuto. Unachagua mashina yenye afya, unayaacha maganda yakauke hapohapo mpaka ukiyatikisa yalie. Mashina yangu niliyafunga vitambaa vyekundu ili watu wajue. Wakajua. Mama watoto alipokwenda kuchuma mboga alikwenda moja kwa moja kwenye vitambaa, akarudi na ungo umejaa majani, akanishukuru kwa kumwonyesha yalipo mazuri. Sasa shina linalonyonyolewa kila wiki litazaa kwa nguvu zipi?

Mbegu zikipona huko, anazisubiri fukusi. Huyu hutaga mayai juu ya ganda zikiwa bado shambani, au juu ya punje zikiwa ndani. Ukiona vidoa vyeupe kwenye punje, ujue mgeni keshapokelewa. Funza anatoboa anaingia, anakula kiini kwa raha zake, na baada ya mwezi hivi anatoka mdudu kamili, nyuma kaacha kitobo cha duara kilichokatwa kifundi. Wazee huchanganya mbegu na majivu, wengine majani makavu ya mwarobaini. Mimi nazikausha mpaka ukiuma punje inapasuka, nazijaza kwenye chupa ya maji hadi shingoni, nakaza kifuniko. Fukusi aliyemo anakosa hewa, habari yake inaisha.

Ubaya wa chupa ni kwamba inaonyesha. Na miaka hii Ramadhani inaangukia mwezi wa pili na wa tatu, akiba ya ndani imebaki vumbi, wakati mbegu ya mlao, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, inatakiwa isubiri mpaka maji yashuke bondeni, Mei au Juni huko. Jua likianza kuzama, macho ya nyumba nzima yanapanda rafuni.

"Baba watoto, tuzitie nazi kidogo tu. Tutanunua nyingine sokoni."

Za sokoni! Humo mna za kutambaa na za kusimama, nyeupe na za madoadoa, za mwaka huu na za enzi za kivuko kabla ya Daraja la Mkapa. Nikajaribu majivu. Wakasema majivu si yanaoshwa? Yakaoshwa. Na kunde zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo nimefunga.

Hapo ndipo ninapoionea wivu mbegu ya dukani. Imepakwa dawa na rangi kali, ya waridi au kijani, makusudi ili mtu asije akaipika. Hakuna anayeitamani. Ya kwangu imekaa uchi, inakaribisha wageni.

Halafu kuna majirani. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipomeza mashamba ya bondeni, huku Rufiji na kule Kibiti, maji yalipopungua kila mtu alitaka kuwahi unyevu na hakuna aliyekuwa na cha kupanda. Mwenye chupa ya kunde akawa mheshimiwa. Nikaamkiwa na watu waliokuwa hawaniamkii. Nikagawa kibaba kwa kibaba, kwa ahadi kwamba wakivuna watarudisha mbegu. Walivuna. Nilipita nikaziona zimeanikwa kwenye mikeka yao, nikakaribishwa nikae nile. Ndiyo yakawa marejesho.

Basi mwaka huu nimehama chupa. Mbegu zimo kwenye dumu jeusi, chini ya kitanda, na juu nimeandika kwa herufi kubwa: DAWA YA PANYA. Nyumba nzima inalikwepa. Nililala usingizi mtamu sana mpaka juzi, aliponibishia hodi bibi wa nyumba ya pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Panya wamenimaliza. Mama watoto kaniambia una dawa dumu zima, nigawie kidogo tu."

Nikamwambia hiyo haifai, bibi, imeshapita muda wake.

"Nipe hiyohiyo," akasema, huku anafungua pindo la kanga. "Panya wenyewe wazee."