Jangwa Lenu Lisilo na Watu

Kwa Mkubwa unayesimamia uandishi wa vipeperushi vya utalii,

KUH: SHUKRANI KWA KUNIPELEKA MAHALI PASIPO NA WATU

Kwanza naomba radhi kwa hali ya karatasi hii. Hilo vumbi si langu, ni la Jangwa la Chalbi, na tangu nirudi Mombasa limekataa katakata kutoka garini, nguoni na puani.

Mheshimiwa, mimi ndiye yule mwananchi mliyemhimiza aijue nchi yake. Kipeperushi chenu nilikiokota kwenye meza ya mapokezi ya hoteli nilikokwenda kula harusi. Kiliahidi kaskazini isiyoguswa, jangwa tupu, mtu peke yake na maumbile. Kwenye picha palikuwa na mchanga na mbingu, basi. Sasa mimi nina watoto wanne na wifi wawili, na nyumbani kwangu hata choo hakijawahi kuwa kitupu. Hilo neno "peke yake" lilinipata pabaya. Nikajaza Probox mafuta, nikaaga.

Hadi Marsabit nina lalamiko moja tu: lami. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na zote mmezitandika. Madereva wa malori wa zamani husimulia walivyokuwa wakilala njiani na kushuka figo zimebadilishana nafasi. Mimi nilipita Archers Post, nikauacha Mlima Ololokwe mkono wa kushoto, umekaa kama boflo lililokatwa kwa kisu butu, na nilipofika Laisamis chai ilikuwa bado moto kwenye chupa. Hapo mliteleza, Mheshimiwa. Mlivumilia zaidi ya nusu karne baada ya uhuru bila kugusa. Ni nini kiliwakatisha tamaa?

Maana kutogusa ni kazi, tena ya kurithishana. Mwingereza alitunga sheria mwaka 1902 ya kuzifunga wilaya za mbali, mtu asiingie bila kibali. Sisi wenyewe, uhuru ukiwa bado mbichi, tukaandika katika Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza penye mvua na udongo mzuri. Chalbi mvua haina, na udongo wake ni magadi. Ikanusurika. Zamani ulihitaji kibali. Siku hizi unahitaji jeki mbili na spea tatu.

Niliiacha lami Marsabit nikateremka upande wa Maikona. Gari lilitetemeka hadi redio ikajiwasha yenyewe. Halafu mawe meusi yakaisha ghafla, na mbele yangu pakawa peupe, tambarare, hakuna mti wala jiwe, na kule mwisho mazigazi yanang'aa kama maji ya Kilindini. Nakiri nililia kidogo. Hapo zamani palikuwa ziwa, na bado panajifanya ziwa ukipatazama kwa mbali. Kuhusu uzuri, kipeperushi chenu hakikusema uongo.

Kilichosahau kusema ni kwamba siku chache baada ya mvua, Chalbi ni kama sufuria ya wali iliyopikwa na bwana harusi: juu ukoko, chini uji. Gurudumu la nyuma lilipasua ukoko. Nikakanyaga mafuta. Mke wa fundi makanika angekuwa na akili zaidi. Mimi nilikanyaga tena, na Probox ikakaa kitako kama kuku anayeatamia.

Basi nikawa peke yangu na maumbile, kama mlivyoahidi. Ilidumu kama dakika ishirini. Kutoka kwenye mazigazi walitokea ngamia wanane, mama mmoja mzee wa Kigabra, binti zake wawili na mvulana wa miaka kama kumi na miwili. Walikuwa wanahama. Nyumba yao yote, miti, mikeka na ngozi, ilikuwa imefungwa migongoni mwa ngamia. Mama alilizunguka gari mara moja, akachuchumaa, akadidimiza kidole kwenye tope, akatoa amri. Wakaifungua nyumba. Mheshimiwa, nilitoka Chalbi magurudumu yangu yakipita juu ya miti ya nyumba ya watu.

Nilipotoa pesa, mama alizitazama, akazirudisha kiganjani mwangu, akaonyesha kapu langu. Akachukua majani ya chai na nusu kilo ya sukari.

Tangu hapo nilisafiri peke yangu na sikupata upweke hata wa dawa. Kalacha, wachungaji wamepanga foleni kwenye chemchemi ndefu kuliko ya benki siku ya mshahara. North Horr, kila mtu anauliza mume wangu yuko wapi. Loiyangalani, hata mabaharia wangeogopa ule upepo wa usiku; ulininyang'anya kanga moja na hadi leo haijulikani iko nchi gani. Na Ziwa Turkana lenyewe, kijani kibichi katikati ya mawe yaliyoungua! Mzungu Teleki alilifikia mwaka 1888, wavuvi wakimtazama, akalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Likabaki na jina hilo hadi 1975. Naona mpiga picha wenu amesomea kwake.

Ng'ambo ya ziwa, Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikookota mwaka 1984 mfupa wa kwanza wa kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mahali pana watu tangu wakati huo, na ninyi bado mnangoja watoke kwenye picha.

Nilirudi kwa njia ya Laisamis, ile iliyotengenezwa ili minara ya umeme wa upepo ipite. Ipo 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Februari 29 itajijua. Ilisimama zaidi ya mwaka mzima ikingoja waya, na sasa umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Chini ya waya huo nililala kwenye manyatta ambayo taa yake ilikuwa tochi ya simu yangu.

Lililobaki ni hili, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Pale Chalbi, wakati wa kuagana, mama alimwambia mvulana kitu, naye akanitafsiria: "Anauliza, huko Kenya hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akaniagiza nizifikishe salamu zake nikirudi. Sijui ofisi nyingine ya kuzipeleka, kwa hiyo nazileta kwako. Jibu lolote nitampelekea mwenyewe. Nimeshanunua spea ya nne.

Wako mtiifu,
Mtalii wa ndani