Kibomba cha Mpira: Mambo Tisa ya Tupu ya Nyuma, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mtu wa pwani hafundishwi kuchamba ukubwani. Kopo, kata, bomba la pembeni, mkono wa kushoto: hayo tumeyajua kabla ya kujua kuandika majina yetu. Lakini kuchamba kunaishia mlangoni. Kibomba cha mpira kinavuka mlango, na mwenye kuvuka mlango wa watu hupiga hodi.

Nasema kile kitufe cha mpira au silikoni chenye mdomo mwembamba mrefu, kinachouzwa famasi, kinachobeba maji kama mililita 200 hadi 300, ukakibinya, ukakiosha, ukakitumia tena wiki nyingine. Nakipenda na sioni haya kusema. Kinamfaa aliyekwamiwa na choo karibu kabisa na kutokea. Kinamfaa anayechafua nguo ya ndani nusu saa baada ya kutoka msalani, tatizo la watu wengi kuliko wanaolitaja. Kinawafaa wanandoa na wapenzi wanaotaka utulivu wa moyo. Lakini ninakipenda kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kilichonikalisha kuandika. Tunaanza na jepesi, tunamaliza na zito. Kucheka ruhusa.

9. Usiniambie ni mambo ya kuiga

Kuiga kwa nani? Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri walijisafisha matumbo siku tatu mfululizo kila mwezi, kwa kutapika na kwa kuingiza maji kwa nyuma. Na kibomba chenyewe cha mpira ni kazi ya watu wa Amazon. Mfaransa Charles-Marie de La Condamine aliposafiri kuuteremka mto ule mwaka 1743, aliandika habari za Waomagua waliotengeneza chupa za mpira zenye umbo la pea, zinazobinywa tu, hazina hata kisukumio. Wenyeji hao walikuwa na adabu zao: kabla ya karamu, kila mgeni alipewa chupa yake, na alitarajiwa kuitumia kabla ya kukaa kula.

Sisi mgeni tunamnawisha mikono, tunajiona wakarimu.

8. Waliozidisha wakaingizwa kwenye mchezo wa kuigiza

Ufaransa ya karne ya 17 ilipenda enema, yaani maji ya kupitishia nyuma, kupita kiasi. Mwaka 1673 Molière alitoa mchezo wake kuhusu mgonjwa wa kujidhania, na pazia linapofunguka bwana huyo yupo mezani anapiga hesabu ya madeni ya mwuza dawa, enema moja baada ya nyingine. Watu walicheka kwa sababu walimjua jirani wa aina hiyo. Kama wewe ndiye jirani huyo, subiri namba 3, nimekuwekea kiti.

7. Jua ukubwa wa baraza kabla ya kumwaga maji

Njia ya haja kubwa ina urefu wa sentimita 3 au 4 tu, imezungukwa na misuli miwili: mmoja unautii wewe, mwingine unajitawala. Juu yake kuna puru, kama sentimita 12 hadi 15. Hilo ndilo baraza. Ukilipita unaingia kwenye utumbo mpana, chumba baada ya chumba, na huko hukualikwa.

Muda mwingi puru huwa tupu au karibu tupu. Choo hukaa juu, kikishuka ndipo unapoisikia haja. Kwa hiyo mtu anayekula mboga, maharage na matunda, anayekunywa maji ya kutosha na kwenda msalani haja inapomwita, ameshafanya sehemu kubwa ya kazi kabla hajakigusa kibomba. Nazi, wali mweupe na nyama tupu siku saba mfululizo, kisha unakilaumu kibomba? Kionee huruma, hakina kosa.

6. Maji, ndugu yangu. Maji.

Kanuni ni fupi: usichoweza kukinywa, usikipitishe huko. Utumbo mpana unafyonza maji, hiyo ni mojawapo ya kazi zake kubwa. Ndoo iliyokaa bafuni tangu jana, maji ya kisima yasiyochemshwa, maji ya mtaa wenye kipindupindu: yote hayo yanamkaribisha mdudu kwa njia ya mkato. Chemsha, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kiasi cha joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi. Yamwagie upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ukishtuka, bado. Ngozi ya huko ndani haina namna ya kukupigia kelele mapema, na watu wameungua kweli.

Ukitaka kumfurahisha zaidi mwenye nyumba, weka chumvi: gramu 9 kwa lita moja ya maji, ndiyo nguvu ya maji ya dripu. Kwa kibomba kimoja cha mililita 300 ni nusu kijiko cha chai, kisijazwe kilima. Maji ya namna hiyo yanauchokoza utando wa ndani kidogo kuliko maji matupu.

Sasa tuongee kuhusu yanayotiwa humo na wajuaji. Sabuni: hapana. Ile inayonukia maua ndiyo hapana zaidi. Sabuni imewahi kuwasababishia watu uvimbe mkali wa utumbo. Ndimu na siki: ziache kwenye kachumbari. Dettol: ni ya sakafu na ngozi ya nje. Kahawa: daktari Max Gerson, mzaliwa wa Ujerumani, aliitangaza kahawa ya kupitishia nyuma kuwa sehemu ya tiba ya saratani. Saratani haikuponywa hivyo, ila waliobabuka puru wapo, na vifo vimeripotiwa kwa sababu ya chumvichumvi za mwilini kuvurugika. Kahawa ina kikombe chake, ina tende yake, ina baraza lake la wazee. Inatosha.

Na hapa naacha mzaha kwa kitambo. Afrika Magharibi, na kwa jirani zetu wa Kongo, kibomba hiki kipo katika nyumba nyingi, na mama hukitumia kumtilia mtoto maji ya mizizi, tangawizi, hata pilipili. Nia ni njema. Lakini madaktari wa Afrika Kusini wameandika juu ya watoto na watu wazima waliofikishwa hospitali na sumu ya dawa za kupitishia nyuma, wengine figo zikiwa zimekufa baada ya kutiwa kemikali iitwayo potasiamu daikromati. Mtoto ana mwili mdogo, kipimo kidogo kwako ni kikubwa kwake. Mtoto asipitishiwe chochote nyuma pasipo agizo la mtaalamu wa afya. Hata maji.

5. Hodi hupigwa polepole

Nawa mikono. Kata kucha, hasa kama wewe ni wa kucha ndefu zenye rangi. Nzuri kwenye harusi, mbaya kwa shughuli hii. Jaza kibomba, geuza mdomo juu, binya kidogo mpaka hewa itoke, la sivyo utaingiza upepo na upepo hutoka kwa sauti ukiwa mbele ya wakwe.

Paka mdomo wa kibomba jeli ya kulainisha yenye asili ya maji. Vaselini na mafuta ya nazi huila raba taratibu mpaka inanata. Kisha chuchumaa, au lala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, maana utumbo unavyopinda kuja kwenye puru unatokea upande huo wa kushoto. Vuta pumzi. Ingiza sentimita 3 hadi 5, si zaidi. Kikigoma, usishindane nacho. Misuli ya pale ikiogopa hufunga, na hakuna aliyewahi kuishinda kwa kuisukuma isipokuwa kwa kujijeruhi. Pumzika, jaribu tena baadaye, au ahirisha.

Maumivu makali ni amri ya kuacha. Sitanii.

4. Ukishabinya, usiachie!

Hili linakosewa na karibu kila mgeni wa chombo hiki, na wala halijaandikwa vizuri kwenye maboksi mengi. Umebinya, maji yameingia. Vidole vikilegea kibomba kingali ndani, kinavuta pumzi, na kinachovuta si manukato. Maji machafu yanarudi tumboni mwa kibomba, na wewe raundi ya pili unajipa tena kile ulichokuwa unakitoa.

Endelea kukibana mpaka kitoke chote nje. Hapo ndipo uachie. Baadhi ya vibomba vya siku hizi vina vali ya kuzuia maji yasirudi. Bei yake ni kubwa kidogo na naona ni fedha iliyotumika vizuri. Binya kwa mkono wa upole wakati wote, maana kasi haisafishi zaidi. Ndiyo sababu sipendi kabisa mtu afungue mpira wa bafu na kujielekezea ndani: presha ya bomba haina huruma, na joto lake linabadilika jirani akifungua maji.

3. Kuchamba kwingi, kuondoka na mavi

Wahenga wetu walilisema hili wazi kuliko kitabu chochote cha tabibu, na kwa kibomba limekuwa kweli neno kwa neno. Sikiliza kinachotokea. Kibomba cha kwanza kinasafisha baraza. Cha pili kinatoa maji karibu meupe. Hapo umemaliza, vaa nguo. Lakini wewe una wasiwasi, unaongeza cha tatu, cha nne, cha sita. Maji hayana pa kukaa, yanapanda juu kwenye utumbo mpana, yanalegeza choo kilichokuwa kimetulia huko kikisubiri kesho. Choo kinashuka. Unaona uchafu, unasema "kumbe bado", unaongeza cha saba. Unasafisha uchafu unaouita mwenyewe.

Viwili, vitatu vikizidi. Maji yakitoka bado na rangi baada ya vitatu, tumbo lako halijawa tayari leo, na hakuna aibu katika hilo. Ukimaliza, kaa karibu na choo kama saa moja kabla ya kwenda popote au kufanya lolote, kwa sababu kijiko kimoja cha maji hubaki ndani na hutoka kwa ratiba yake.

Na mara ngapi? Kwa usafi wa kawaida, mara chache kwa wiki ni ukomo wa juu, na wengi wetu hatukihitaji kabisa wiki nyingi. Ndani mle kuna ute unaolinda utando mwembamba, na kila ukiosha unaondoka nao. Utando ukibaki mkavu na wenye michubuko, vijidudu hupita kwa urahisi. Tafiti zimekuta kuwa watu wanaojamiiana kwa njia ya nyuma na kujiosha ndani mara kwa mara hupata zaidi VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Kwa hiyo kibomba si kinga. Kinga ni kondomu, jeli ya kutosha, na PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, kwa anayeihitaji. Nakuambia kwa sababu nakutakia mema, uwe nani na umpende nani.

Na kwa nje? Kwa nje chamba kama ulivyofundishwa, maji tu, kausha kwa kupapasa. Hapo kila siku, tena kwa raha zako.

2. Cha mtu ni cha mtu

Tunaazimana kanga, tunaazimana sufuria za harusi. Kibomba, hapana. Si kwa mke na mume, si kwa mapacha. Homa ya ini, VVU na vijidudu vya kuhara damu vyote vinaweza kusafiri kwa mdomo wa kibomba wenye chembe usizoziona.

Ukimaliza, chomoa mdomo wake. Osha vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni (hapa ndipo kazi ya sabuni), jaza na kubinya mara kadhaa, suuza mpaka povu liishe. Silikoni nyingi huvumilia kuchemshwa, soma maelezo yake kwanza. Mdomo wa plastiki unaweza kupinda. Kisha kininginize tundu likitazama chini mahali penye upepo. Wengi wanakosea hapa: wanakifungia kabatini kikiwa na unyevu, giza na joto la pwani, na kuvu ndani ya tufe haionekani mpaka siku utakapokinusa. Kikiwa na harufu, kikipasuka au kikinata, kitupe.

1. Kuna siku kibomba si jibu

Damu. Bawasiri iliyotoka nje. Mchaniko unaouma kila ukienda haja. Umefanyiwa upasuaji wa huko karibuni, una ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, au una mimba na hujaongea na mkunga. Hapo kibomba kikae kininginie.

Damu ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu tunaizoea. Mtu anasema "ni bawasiri tu" miaka miwili, anakunywa unga wa mizizi, anajiosha zaidi ili asiione. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Mara nyingine ni saratani ya utumbo, na ikikutwa mapema hutibika vizuri. Choo kilichobadilika umbo au ratiba kwa wiki kadhaa, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kuhisi hujamaliza ilhali umemaliza: nenda. Na ukihitaji kibomba ndipo upate choo, kila mara, nenda pia.

Ukifika kwa daktari usimwambie "tumbo linaniuma" halafu ukaondoka na dawa ya vidonda vya tumbo. Sema: "Natoka damu njia ya haja kubwa, tangu mwezi fulani." Akikuomba ulale kwa ubavu akupime kwa kidole, lala, ni dakika moja. Na mtajie kibomba: unakitumia mara ngapi, na unatia nini ndani yake.